Waya gani wa kuzongea ncha za kamba za ndege: kopa ya fleksi, kopa ya koili, stenlesi au uzi?

Swali hili halikosi kurudi kila akitokea mtu mpya kwenye ndege za kamba. Kamba kashanunua, mpini anao, ndege ishakauka rangi, ikisha anakwama kwenye kitu kidogo kuliko vyote, zile ncha nne za kamba, zinazokunjwa kitanzi ili zishikwe na klipu za mpini na za ndege, azizonge na waya gani. Mmoja atamwambia kopa tu hakuna jengine, mwengine atamwambia stenlesi kwa sababu sisi tumezungukwa na bahari, wa tatu atamwambia piga lehemu yaishe. Wote wana sababu zao, ila huyo wa tatu mie ningemkatalia, huko tutafika.

Kwa asiyezijua, ndege ya kamba ni ndege ndogo ya mfano yenye injini, ila haina rimoti. Unasimama katikati ya uwanja umeshika mpini, kamba mbili zinatoka kwenye mpini zinaingia kwenye bawa, ukiulaza mpini huku inapanda ukiulaza kule inashuka, na yenyewe inakuzunguka mpaka mafuta yaishe. Sasa piga hesabu: ndege ya kilo moja ikienda kilomita 90 kwa saa kwenye kamba za mita 18 inakuvuta karibu kilo tatu na nusu muda wote, na hapo bado hujapiga sarakasi wala upepo haujaisukuma. Ndo maana sheria za FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, za mashindano ya sarakasi, F2B, zinataka ndege ivutwe kwa nguvu mara kumi ya uzito wake kabla haijaruka. Mvuto wote huo unapita kwenye mizongo minne, kila mmoja haufiki hata nusu ya urefu wa njiti ya kiberiti.

Kwanza tunapima nini

Watu wengi wanaanza na nguvu ya waya, waya upi haukatiki, na hapo ndo wanapotea njia. Waya wa kuzongea haubebi ndege. Kinachobeba ni msuguano kati ya kamba na mizunguko iliyobana, sawa na kamba ya jahazi ikizungushwa kwenye nguzo ya gati, baharia mmoja anaizuia jahazi nzima kwa mkono na wala hakupiga fundo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni ulaini: waya ukubali kulala pale unapoulaza, mzunguko ugusane na mzunguko, na usitake kurudi ulikotoka.

Cha pili chumvi. Huku Unguja na Pemba hakuna uwanja ulio mbali na bahari kwa maana ya kweli. Ukirushia Maisara au Mnazi Mmoja upepo unakujia moja kwa moja kutoka majini, na hata ukienda shamba jioni ukipitisha kidole kwenye kioo cha gari utaiona. Wenzetu wa bara wanaokwambia "mie nimefunga hivi miaka na miaka" wanasema kweli, lakini hewa yao sio hii.

Cha tatu mie nakipa uzito kuliko vyote na wengi hawakitaji kabisa: kujionesha. Yani mzongo ukianza kuharibika utaona kwa macho, au utabaki mzuri juu na kuoza ndani? Mzongo mbovu unaoonekana unakugharimu robo saa ya kuufunga upya. Usioonekana unakugharimu ndege, na mtu akiwa amesimama upande ule Mungu apishe mbali.

Kisha kupatikana na mkono, maana kuna waya unamtaka fundi na kuna waya mtoto wa skuli anaufunga baada ya kuoneshwa mara moja.

Na kitu kabla ya yote hayo ni kujua kamba yako ni ya aina gani. Kamba za kawaida za ndege za kati na kubwa ni stenlesi ya nyuzi saba zilizosokotwa, unene kama milimita 0.3 mpaka 0.46. Ndege ndogo za injini ya 0.8 cc watu wanatumia dakroni au spektra, yani kamba za nyuzi za plastiki, na hizo ni habari nyengine, nimeziwekea sehemu yake chini.

Kopa ya ndani ya fleksi

Huu ndo waya uliopo nyumbani kwako sasa hivi. Chukua kipande cha fleksi ya umeme, ile laini ya kwenye ekstensheni, menya plastiki, ndani utakuta nyuzi nyembamba za kopa. Fleksi ya 1.5 (milimita za mraba) huwa na nyuzi 30 za milimita 0.25 kila moja, ya 2.5 ina nyuzi 50 za unene ule ule, na 0.25 ni unene mzuri sana kwa kamba za 0.38. Ya 0.75 na ya 1.0 zinakuwa na nyuzi za 0.2, hizo wekea kamba nyembamba. Angalia usichanganye na waya wa kufanyia wayaringi ya nyumba, ule mgumu, huo ndani ni nene mno haufai.

Ulaini hakuna wa kushindana nao. Unauvuta kwa vidole viwili, unalala, unabana, na nyuzi zake zinazama kidogo kwenye yale mabonde ya msokoto wa kamba na hapo ndo unapopata msuguano wa uhakika bila kuiumiza kamba, kwa sababu kopa ni laini kuliko stenlesi, vikikwaruzana anayekwaruzika ni kopa.

Chumvi inaila, tusidanganyane. Kopa na stenlesi zikilowa maji ya chumvi pamoja kopa ndo mara nyingi inayoanza kuliwa, taratibu, na inatoa ile kutu ya kijani. Lakini hebu tazama hapo hapo upande wa pili: ile kijani ndo kujionesha kwenyewe. Kuna kijana alinionesha kamba zake zilizokaa kwenye banda tangu kaskazi iliyopita, mzongo wa upande wa mpini una pete ya kijani pale mzongo unapoishia, mzunguko wa mwisho umeshaachana na wenzake, na ukiuparuza kwa kucha unatoka unga. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikata, akafunga upya, akarusha siku ile ile.

Kupatikana ni bure au karibu na bure. Mkono, mwepesi. Ubaya mwengine ni kwamba nyuzi za fleksi ya bei chee siku hizi si kopa tupu, ni aluminiamu iliyopakwa kopa juu. Ikwaruze kwa wembe, ikitoa weupe ndani itupe, aluminiamu na chumvi hawakai nyumba moja, na tena inakatika ukiikunja mara mbili tatu.

Ina ndugu yake: fleksi ya boti, ambayo nyuzi zake za kopa zimepakwa bati, zinaonekana nyeupe kama fedha. Hizo ulaini ni ule ule na chumvi zinaivumilia zaidi. Ukizikuta kwa mafundi wa boti omba kipande, wao vipande vifupi wanatupa.

Inamfaa anayerusha mara kwa mara na anayekagua, na mwenye kamba za stenlesi za kawaida.

Kopa ya koili

Hii ni kopa ile ile ila imepakwa vanishi, ndo wanayosukia mota za mapangaboi na pampu. Kwa fundi wa kusuka mota utaikuta kwenye roli za unene mbali mbali, na raha yake ni kwamba unachagua: nataka 0.25, nataka 0.3, anakukatia mita kumi za moja kwa moja, haina maungio, sio kama fleksi ukiharibu uzi unaanza mwengine.

Ulaini upo vizuri kama fleksi. Ila vanishi inateleza kidogo, kwa hiyo ongeza mizunguko, fleksi ukizonga milimita 15 hii peleka mpaka 20 na uvute zaidi wakati wa kuzonga. Kuna watu wanaiparuza vanishi kwa msasa ili ishike, sasa hapo ndugu yangu umelipia vanishi ya nini, si ungemenya fleksi tu.

Kwenye chumvi inaishinda kopa tupu kwa mbali, mradi vanishi iwe nzima, kwa sababu inazuia maji na pia inaitenga kopa na stenlesi zisigusane. Lakini kwenye kujionesha ndo inaanguka. Vanishi ikikwaruzwa na klipu sehemu moja, chumvi inapita pale na kopa inaliwa chini ya vanishi huku juu bado inang'aa rangi ya asali. Utaijua ukiikunja, sio ukiitazama.

Jengine, usikubali waya uliotoka kwenye koili iliyoungua hata ukipewa bure. Vanishi yake ishakuwa mkaa, ukikunja inapukutika, na kopa yenyewe umeshapita moto hujui uko hali gani. Omba wa roli mpya.

Inamfaa nani: mwenye kamba ambazo zinakaa muda mrefu bila kutumika, anayetaka mzongo nadhifu unaofanana kila ncha, na aliye tayari kukata na kufunga upya kwa kalenda, kila msimu, bila kungoja kuona dalili.

Waya wa stenlesi

Hoja ya wanaoupenda inaeleweka: kamba ni stenlesi, mzongo nao uwe stenlesi, madini mamoja, basi hakuna wa kumla mwenzake. Na juu kwa juu ni kweli, huoni kijani, huoni unga. Unaopatikana ni waya wa kufungia bolti zisilegee, ule wa mafundi wa ndege halisi na mitambo, au waya wa kuvulia nguru kwenye maduka ya zana za uvuvi.

Wa nguru tuumalize haraka: ule wa uzi mmoja umekazwa makusudi, unaruka kama springi, kuuzonga kwenye kamba ya 0.38 ni vita na ukishinda vita mizunguko inabaki na nafasi katikati. Haufai kwa kazi hii, unafaa kwa nguru.

Wa kufungia bolti ni laini zaidi, lakini mwembamba wanaouuza sana ni wa milimita 0.5, ambao ni mnene kuliko kamba yenyewe. Ukitaka ulale lazima uvute na koleo, na hapo hatari inaingia, kwa sababu sasa vitu viwili vya ugumu mmoja vinasagana na zile nyuzi saba za kamba ni nyembamba kama unywele, ukiuchora mmoja ushapunguza kamba. Ukiupata mwembamba zaidi, wa 0.3 au chini, na uwe umelainishwa kwa moto kiwandani, hapo maneno yanabadilika, unakubali mkono.

Chumvi: hapa watu wanaamini stenlesi haishiki kutu. Inashika. Kinachoilinda ni ngozi nyembamba sana inayojijenga yenyewe kwa hewa, na chini ya mzongo uliobana ambapo chumvi imeingia na hewa haifiki, ngozi ile inavunjika na haijijengi tena, unapata vidoa vinavyochimba kuingia ndani. Aina ya 316 inavumilia zaidi ya 304, lakini hakuna isiyochimbwa kabisa. Kibaya zaidi vinachimba kwenye kamba na kwenye mzongo sawasawa, wakati kwa kopa angalau anayeliwa kwanza ni yule unayembadilisha kwa robo saa. Na kwa nje kila kitu kinang'aa. Kwa hiyo kwenye kujionesha inapata maksi za chini, labda uone doa la rangi ya chai pale mwisho wa mzongo, na ukiliona usisubiri.

Haya, isije ikaonekana naichukia. Kwa kamba nene, za ndege kubwa zenye mvuto mkubwa, waya laini wa stenlesi uliozongwa na mtu mwenye mkono haulegei kwa joto wala kwa mitetemo, na haumenyeki ukiburuzwa kwenye kokoto. Na mtu ambaye anaosha kamba zake kwa maji baridi kila akirudi, matatizo mengi niliyoyasema hapo juu hayamfiki.

Uzi na gundi

Hii ni ya kamba za dakroni na spektra tu. Usizonge stenlesi kwa uzi, na vile vile usizonge dakroni kwa waya, waya unaikata kama jibini. Ndege ndogo ya injini ya 0.8 cc kwenye kamba za mita kumi hivi haina mvuto wa kutisha, uzi wa pamba au wa kevla (uzi wa kiwandani wenye nguvu sana) uliozongwa vizuri na kupakwa gundi unatosha na kubaki.

Ulaini hauna mjadala, na kutu hakuna. Adui ni jua. Kevla inachoka kwa jua, na supagluu ikikauka inakuwa kama kioo, inavunjika pale pale mzongo unapoishia na kamba inapoanza kupinda. Weka gundi katikati ya mzongo, acha milimita mbili tatu za mwisho bila gundi. Kujionesha ni wastani: uzi ukianza kutoa manyoya unauona.

Tahadhari ya spektra, ambayo wavuvi wanaiita braidi: ni kitu kinachoteleza kupita kiasi na gundi nyingi hazikamati juu yake, kwa hiyo mzongo peke yake usiuamini, piga kwanza fundo la kivuvi la kitanzi mara mbili ndo uzonge kulinda fundo. Wavuvi wetu wanayajua hayo mafundo kuliko yeyote, kaa nao pwani nusu saa.

Vilivyobaki

Lehemu: inapanda kwenye nyuzi za kamba na kuzifanya fimbo, na pale fimbo inapoishia ndo kamba inapopinda kila mara mpaka inakatika. Na stenlesi haikubali lehemu bila asidi, na asidi ikibaki ndani ya msokoto inaendelea na kazi yake usiku kucha wewe umelala. Waya wa kufungia nondo ni laini kweli lakini ni mnene mno na huku kwetu unageuka wekundu ndani ya wiki za masika. Vitubu vya kubana kwa koleo ni njia halali kabisa ukiwa na kitubu cha saizi ya kamba yako na koleo lake maalum, ukibana na koleo la kawaida la fundi umeme hujui umebana kiasi gani.

Kuzonga na kupima

Kitanzi kisikunjwe mkunjo mkali, pitisha kamba kwenye kijitubu cha brasi kilichopindwa kama U ili klipu isigusane na kamba. Anzia karibu na kitanzi, zonga ukienda mbali nacho, mizunguko igusane, milimita 15 mpaka 20. Mkia wa kamba uliobaki urudishe juu ya mzongo kuelekea kwenye kitanzi, kisha zonga tena juu yake kurudi ulikotoka. Huo mkia uliorudishwa ndo unaozuia kuteleza, usiukate kwa uvivu.

Baada ya hapo ndoo. Ndege ya kilo moja, ndoo yenye lita kumi za maji, ining'inize kwenye kamba moja moja, juu ya mchanga, miguu yako ikae mbali. Iache dakika kadhaa. Kabla ya kuning'iniza tia alama ya kalamu pale mzongo unapoishia kwenye kamba, alama ikisogea hata kidogo mzongo umeteleza, fungua uanze upya.

Na kwa kuwa tuko hapo, kamba hizi ni chuma, usirushie karibu na nyaya za umeme hata zile unazoona ziko mbali kidogo. Hapo waya wa kuzongea hausaidii kitu.

Sasa nani achukue nini

Unarusha kila wiki, pwani, kamba za stenlesi za kawaida: kopa ya fleksi, ya boti ukiipata, na uangalie kijani kila unapokunjua kamba.

Unarusha likizo kwa likizo na kamba zinakaa kwenye roli miezi: kopa ya koili, na msimu ukianza zonga upya hata kama inang'aa.

Ndege kubwa, kamba za 0.46, una mkono na una subira ya kuosha: stenlesi laini nyembamba, au baki na kopa ukaongeza mizunguko, zote mbili zinapita kwenye ndoo.

Unafundisha watoto wa skuli na ndege ndogo za dakroni: uzi wa pamba na gundi kidogo, bei yake haiumi na wakikosea wanafungua.

Uko Pemba na duka la karibu halina chochote cha haya: tafuta ekstensheni iliyokufa, imenye, ikwaruze kwa wembe uone kama ni kopa mpaka ndani, ikiwa ndiyo basi una waya wa miaka.